Treni Haijafika: Namna ya Kufundisha Hali Timilifu ya Kiingereza Tabora

Mwalimu unayeingia kidato cha kwanza mjini Tabora kufundisha Kiingereza, una bahati moja ambayo vitabu vya kiada havikwambii: wanafunzi walio mbele yako wanaijua tayari hali timilifu. Mtoto mdogo wa Ng'ambo au Isevya anajua tofauti ya "sijala" na "sikula", wala hakukalishwa chini na mtu akafundishwa. Akisema "sijala" anadai chakula. Akisema "sikula" anasimulia habari ya jana. Basi huna haja ya kumpa wazo jipya. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba Kiingereza nacho kina wazo hilohilo, kisha umwonyeshe zile sehemu chache ambapo lugha hizi mbili zinaachana. Kwenye sehemu hizo chache ndiko kunakozaliwa karibu makosa yote unayoyasahihisha kwa wino mwekundu mwaka mzima.

Vitabu vingi hufuata njia nyingine. Huanza na kanuni: "have" au "has", kisha umbo la tatu la kitenzi. Baada ya kanuni inakuja orodha ya maneno: already, just, yet, ever, never, since, for. Mwanafunzi anakariri, anafaulu zoezi la kujaza nafasi, halafu anatoka nje na kumwambia mwenzake "I have seen your brother yesterday". Kanuni ameishika barabara. Hajaambiwa tu ni lini aiweke kando.

Anzia kwenye -ja-

Ushauri wangu ni kuanza na kukanusha, kabla ya kukubali. Katika Kiswahili, kwenye ukanushi ndiko mpaka kati ya wakati uliopita na hali timilifu unakoonekana wazi kuliko kwingine kote. Na kwa mwanafunzi wa Tabora hakuna mfano unaoshinda treni. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mji huu ni njia panda ya reli, na ni nadra kukuta darasa lisilo na mtu aliyewahi kukaa stesheni akisubiri treni, au akimsubiri mgeni anayeshuka humo.

Andika ubaoni sentensi mbili, kwa Kiswahili:

Treni haijafika.
Treni haikufika.

Usieleze chochote. Uliza swali moja tu: kati ya watu wawili waliosema maneno haya, nani bado amekaa stesheni na mizigo yake? Darasa zima litajibu ni yule wa kwanza. Waulize wamejuaje. Hapo wape muda, maana sasa wanafanya kazi ya sarufi wenyewe. Atatokea mmoja aseme kwamba wa kwanza bado anaitegemea treni. Mwingine ataongeza kwamba wa pili anasimulia jambo lililokwisha, pengine alirudi nyumbani usiku uleule. Wakishafika hapo, chini ya kila sentensi andika ya Kiingereza:

The train has not arrived.
The train did not arrive.

Waambie kwamba tofauti waliyoieleza wao wenyewe ndiyo tofauti iliyopo kati ya sentensi hizi mbili. Hakuna la kuongeza. Ile kanuni ya "has" na umbo la tatu sasa ina mahali pa kukaa.

Geuza upande wa kukubali. "Treni imefika" ni "The train has arrived". "Treni ilifika saa tatu asubuhi" ni "The train arrived at nine in the morning". Saa nazo zisemee hapohapo, kwa sababu mwanafunzi ataandika "at three" bila kusita, na utabaki hujui kama amekosea wakati wa kitenzi au amekosea saa.

Maneno ya ile orodha sasa yalete moja moja, kila moja likishikana na Kiswahili chake. "Imeshafika" ni "has already arrived". "Bado haijafika" ni "has not arrived yet". "Ndiyo kwanza imefika" ni "has just arrived". "Umewahi kupanda treni?" ni "Have you ever taken a train?" na "sijawahi" ni "I have never". Angalia jambo moja hapo: kazi ambayo Kiingereza hukipa kielezi, Kiswahili mara nyingi hukipa kiambishi kilichomo ndani ya kitenzi au kitenzi kisaidizi. Mwanafunzi akilijua hilo, hataongeza "already" kwenye kila sentensi yenye -me-, kosa ambalo utalikuta sana kwenye insha.

Ukitaka sentensi moja itakayowaonyesha kwamba wakati wa kitenzi unategemea aliyesema amesimama wapi, itumie reli mpya ya SGR. Ninapoandika mwongozo huu, treni ya umeme bado haijaanza kuleta abiria Tabora: "The electric train has not reached Tabora yet". Siku itakapofika, sentensi itageuka kuwa "The electric train has reached Tabora", na watu watapigiana simu kuambiana hivyo. Miaka ikipita, mwanafunzi atakayeulizwa kwenye mtihani ataandika "It reached Tabora in" akataja mwaka. Habari ni ileile, nyakati tatu. Kama unasoma haya na treni imeshafika, anzia hatua ya pili.

Zamu za asubuhi

Zoezi la mdomo huna haja ya kulinunulia kitabu. Karibu kila darasa lina karatasi ya zamu ukutani: nani anafagia, nani anachota maji, nani anafuta ubao, nani anamwagilia miti. Ingia kipindi cha kwanza, mwite kiranja, mwambie ashike ile karatasi. Yeye anauliza, wenzake wanajibu.

"Have you swept the classroom?"
"Yes, I have."
"Have you fetched the water?"
"No, I haven't. The tap is dry."

Dakika tano kila siku kwa wiki mbili zinafaa kuliko somo moja refu, kwa kuwa swali ni la kweli na jibu ni la kweli. Kiranja anataka kujua hasa kama maji yamechotwa. Mwanafunzi ambaye hajachota anatafuta namna ya kujitetea, na katika kujitetea huko anajifunza kuhamia wakati uliopita: "I went to the well, but the rope broke". Ulimi wake umevuka kutoka wakati mmoja hadi mwingine bila wewe kumwambia avuke.

Sikiliza pia mpangilio wa swali. Kiswahili mara nyingi huuliza kwa kupandisha sauti tu, kwa hiyo utasikia "You have swept?" Mrudishie kwa upole lile umbo sahihi, mara nyingi kadiri itakavyohitajika.

Kuhusu umbo la tatu lenyewe sitasema mengi. Go, went, gone lazima likaririwe, hakuna njia ya mkato. Yapange tu kwa milio inayofanana: bring na buy na think pamoja, sing na drink na begin pamoja, cut na put na shut pamoja. Yaimbwe.

Kiswahili kibaki darasani

Shule nyingi zina kibao kinachosema "Speak English", na nyingine humwadhibu mwanafunzi anayesikika akiongea Kiswahili. Kwa somo hili naomba Kiswahili kiingie darasani waziwazi, kiandikwe ubaoni, kijadiliwe. Mwanafunzi anatafsiri kichwani mwake utake usitake. Ukimnyamazisha, anatafsiri gizani, na "Umefika lini?" inatoka mdomoni ikiwa "When have you arrived?" wala hujui imetokea wapi. Ukimwacha aiseme ile ya Kiswahili kwanza, mnaikuta njia panda pamoja.

Mji huu unao ushahidi kwamba lugha hizi mbili hazipigani. Julius Nyerere alisoma shule ya serikali ya Tabora, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Ni yeye aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili, ikachapishwa 1963. Hakuna afanyaye kazi ya namna ile bila kuzishika lugha zote mbili kwa pamoja na kuzilinganisha neno kwa neno.

"Amelala" si "has slept"

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu, ninayotaka uitengee vipindi vingi kuliko nyingine yoyote. Katika Kiswahili, -me- hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa habari ya jambo lililotokea: treni imefika, mvua imenyesha. Ya pili ni kueleza mtu au kitu kilivyo sasa hivi: mtoto amelala, askari amesimama mlangoni, dada amevaa kitenge, nimechoka, nimeshiba, maembe yameiva, kijana amefanana na baba yake. Kiingereza huitumia hali timilifu kwa kazi ile ya kwanza. Ya pili hukipa kitu kingine kabisa.

Ndiyo maana unasoma kwenye insha "My sister has worn a red kitenge", na aliyeandika anamaanisha kwamba dada yuko mbele yake amevaa. Kiingereza chake ni "My sister is wearing a red kitenge". "The baby has slept" kwa mtoto aliye usingizini ni "The baby is asleep". "He has stood at the door" ni "He is standing at the door". "He has resembled his father" ni "He looks like his father". Na "Umeoa?" swali ambalo kila kijana Tabora ameulizwa na shangazi zake, Kiingereza chake ni "Are you married?" Majibu yetu ya adabu, "bado" au "sijaoa", nayo yanamvuta mwanafunzi kuandika "I have not married". Mfundishe "I'm not married yet", ambayo inaibakiza ile "bado" mahali pake.

Ukimpa mwanafunzi orodha ya vitenzi vya namna hii, ataisahau. Mpe swali la kujiuliza. Kila anapotaka kugeuza sentensi yenye -me-, ajiulize: sentensi hii inajibu "kumetokea nini?" au inajibu "yukoje sasa?" Kumetokea nini? Treni imefika. Hapo "has arrived". Mtoto yukoje? Amelala. Hapo "is asleep". Kumetokea nini uwanjani? Juma amevunjika mguu: "Juma has broken his leg". Yukoje Juma? Amelala wodini, amefungwa plasta: "He is lying in the ward, and his leg is in plaster".

Ziko sentensi zinazojibu maswali yote mawili, na hizo ndizo nzuri kuzungumza darasani. "Mlango umefungwa" inaweza kuwa "The door is closed" au "The door has been closed". Mwenye duka amekwenda zake tangu mchana, unapita unaona mlango: "is closed". Mlikuwa mnapita, mkasikia mlango ukibamizwa: "has been closed". Waache wabishane. Somo hili linashika kwenye ubishi kama huo.

Lini, jana, na nimezaliwa

Kiswahili cha kila siku hakioni tabu kuchanganya -me- na wakati uliotajwa. "Nimemwona jana." "Amehamia hapa mwaka jana." "Umefika lini?" Kiingereza hukataa. Wakati uliokwisha ukishatajwa au ukishaulizwa, hali timilifu huondoka: "I saw him yesterday", "She moved here last year", "When did you arrive?" Waambie kwamba "when" na "have" havikai pamoja kwenye swali la jambo lililokwisha kutokea. Ni mara chache sana sheria hiyo itawaangusha katika miaka yao yote ya sekondari.

Kosa la ndani ya sheria hii linalonisumbua kuliko yote ni la kujitambulisha. Kwa Kiswahili tunasema na kuandika "Nimezaliwa Tabora mwaka 2011, nimesoma shule ya msingi Sikonge". Mwanafunzi huandika "I have been born in Tabora in 2011". Ni sentensi ya kwanza atakayoiandika kwenye barua ya kuomba kazi siku moja, hivyo irekebishe mapema, "I was born", "I went to primary school in Sikonge", na uirudie kila muhula.

Redio itakusaidia hapa. Msomaji wa habari wa Kiswahili hufungua kwa -me- kisha huendelea kwa -li-: mvua kubwa imenyesha Urambo, ilianza saa nane usiku, iliezua mapaa. Kiingereza hufanya vilevile: "Heavy rain has fallen in Urambo. It started at two in the morning. It blew the roofs off." Kila mwanafunzi alete habari moja ya mtaani kwake kwa mpango huo, sentensi ya kwanza ikitangaza, zinazofuata zikisimulia.

Jambo la "tangu" ni fupi kulieleza lakini refu kulizoea. "Nipo hapa tangu asubuhi" huwa "I am here since morning", na inatakiwa kuwa "I have been here since morning". Ukisikia "tangu" au muda unaofika hadi sasa, "have" lazima iwepo. "Since" hufuatwa na mahali muda ulipoanzia, "for" hufuatwa na urefu wa muda. Trains have come to Tabora since 1912. Trains have come to Tabora for more than a hundred years. Na "amekwenda Kigoma" igawanye mara mbili: kama bado hajarudi ni "He has gone to Kigoma", kama alikwenda akarudi na sasa anapajua ni "He has been to Kigoma".

Nendeni Kwihara

Mkiweza kupata usafiri, wapelekeni wanafunzi Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye makumbusho ya tembe la Livingstone. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wasafiri Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati wageni wakipaita Kazeh. Pembe za ndovu zilipita hapa, zikibebwa na wapagazi wengi wao Wanyamwezi, na wakapita watu waliokuwa wametekwa, wakipelekwa utumwani pwani. Historia hii wanafunzi wanaijua kwa sehemu kutoka darasa la historia. Wewe itumie kwa Kiingereza.

Kwanza wape kanuni ya walio hai. Mtemi Mirambo alikufa 1884, Mtemi Isike 1893. Wakiandika juu yao, kila kitu ni wakati uliopita: "Mirambo ruled Urambo", kamwe si "has ruled". Maisha yake yamefungwa. Kuhusu njia ya misafara yenyewe, ambayo ipo hadi leo, wanaweza kusema "The route has been on UNESCO's tentative list since 2006".

Kisha wape zoezi la kuvaa viatu vya mtu. Stanley na Livingstone, waliokutana Ujiji mwaka 1871, walifika Kwihara pamoja Februari 1872. Machi Stanley akaondoka kurudi pwani, na Livingstone akabaki akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka Zanzibar. Walifika Agosti, akaondoka nao mwezi huohuo, na mwaka uliofuata akafa. Mwanafunzi mmoja awe Livingstone mwezi Julai 1872, aandike barua: "The men have not arrived. I have waited for four months. I have had no news from the coast." Mwingine awe yeye mwenyewe leo, aandike mambo yaleyale: "The men arrived in August. He waited for five months. He left for the south." Wabadilishane daftari, kila mmoja apigie mstari vitenzi vya mwenzake. Wakiuliza kwa nini habari moja imeandikwa kwa nyakati mbili, warudishe kwenye wale wawili wa stesheni.

Kusahihisha

Unaposahihisha barua hizo, usipige mstari kila kosa. Chagua moja la kuwinda juma hilo, "has worn" au "have seen yesterday", na uliwinde kwenye daftari zote. Mwanafunzi anayeona kosa lake moja limezungushiwa mara nne atalikumbuka. Mwenye daftari lililojaa mekundu atalifunga. Filamu za Marekani zitawaletea "I already ate" na "Did you eat yet?". Waambie kwamba Wamarekani husema hivyo na hawakosei, ila kwenye mtihani waandike "I have already eaten". Tahajia ya umbo la tatu, "writen" au "forgoten", isahihishe mwisho, kwa penseli, na usiitoze alama katika majuma ya mwanzo.

Kila baada ya mwezi wape kazi hii: waandike barua kwa ndugu aliye Mwanza, Kigoma au Dar es Salaam kumweleza yaliyotokea nyumbani tangu alipoondoka. Mama mdogo amejifungua, paa la jiko limebadilishwa, babu alikuja Juni akakaa wiki mbili. Barua ya namna hiyo haiandikiki bila hali timilifu, na haiandikiki kwa hali timilifu peke yake. Isome barua nzima mara ya kwanza bila kalamu mkononi, uone kama ndugu aliye mbali angejua ni lipi limekwisha na lipi bado linaendelea.